Kwa Nini Alimtoa Mfungaji

Kocha aliyetuletea kombe aliondoka siku ya Jumatano, na kufikia Jumamosi kijiji kizima kilikuwa kimegawanyika. Hakuaga uwanjani. Alituma ujumbe kwenye kundi la simu la mashabiki, akasema amepata timu kubwa huko tambarare, anatushukuru wote, na filimbi ameiacha kwa mwenyekiti. Wengi waliweka picha za mikono ya kushukuru. Wengine waliandika kwamba walijua tangu mwanzo hatakaa. Halafu mtu mmoja akaandika, "Sasa arudi yule mzee aliyetulea," na hapo maneno yakaanza kutoka kwa kasi hata nikashindwa kuyasoma.

Yule mzee aliyetulea ni baba yangu.

Nyumbani tunamwita tate, ndivyo Kishambaa kinavyomwita baba. Aliifundisha timu yetu ya hapa juu, Magamba, tangu mimi sijaanza shule. Hakuwa na cheti cha ukocha. Kazi yake ilikuwa kwenye bustani ya miche ya misindano, na jioni alishika timu. Alikuwa na taratibu zake. Mchezaji aliyepita wazee njiani bila kuwaamkia hakupangwa Jumapili. Mazoezi yalianza kwa kupanda mbio hadi ukingo wa msitu, na kushuka ilikuwa kwa kutembea, maana alisema magoti huharibikia kwenye kushuka.

Na kwenye mechi hakupiga kelele. Uwanja wetu umekatwa ubavuni mwa mlima, ukungu ukishuka sauti inazunguka na hujui imetoka wapi. Kwa hiyo alitumia mwavuli. Akitaka kumtoa mtu alisimama kwenye mstari, akaunyoosha mwavuli wake mweusi kumwelekea, na aliyeonyeshwa alitoka. Hakuna kuuliza wala kujionyesha kifuani, "Mimi?" Alikuwa akiwaambia wachezaji, "Wakati unauliza, mpira umeshapita." Watu walizoea hadi wakaanza kulitumia jambo hilo kwingine. Kijana akikataliwa na msichana, wenzake walisema kaonyeshwa mwavuli.

Miaka mitatu iliyopita tulifika fainali, tukafungwa, na tate akaacha timu. Nafasi yake akachukua kijana kutoka Tanga, watu wakamwita mtu wa pwani. Huyo alikuwa na cheti, koni za plastiki na kofia. Alikaa misimu miwili, na wa pili akachukua kombe. Sasa naye kaondoka. Kikao cha mashabiki na wachezaji kilipangwa Jumapili, kuamua kama tumrudishe mzee au tutafute mwingine.

Jumamosi tulikuwa kijitoni tukiosha karoti. Tunazimwaga kwenye shimo lililotandikwa turubai, maji yanapita juu yake, nasi tunazikanyaga kwa miguu mitupu mpaka udongo utoke. Mwezi wa saba maji yale yanakata kwa baridi. Karoti zilikuwa za mama mmoja anayeuza chai na maandazi uwanjani siku za mechi, shabiki asiyekosa. Nilikuwa nakanyaga mimi na mwenzangu mmoja. Aliyekuja kubeba magunia kwa pikipiki alikuwa mshambuliaji wetu wa zamani, namba tisa, ambaye sasa goti limemstaafisha na anaendesha bodaboda. Watu bado wanamwita mfungaji.

"Mzee arudi," alisema yule mama huku akichambua karoti zilizopasuka. "Mtu wa pwani alikuta chakula kimeiva. Yeye alipakua tu."

Mfungaji aliegemea pikipiki yake. "Mama, miaka yote ile mzee alikuwa anapika nini kisichopakuliwa? Sisi tulishiba harufu."

"Harufu hiyo ndiyo iliyokukuza mpaka ukaitwa mfungaji. Ulikuja kwake unapiga mpira kwa kidole gumba."

"Yule wa pwani kwa misimu miwili kaleta kombe."

"Kombe la mamluki. Watano wa kukodi, na wote wamepanda gari wameondoka naye. Leo ukihesabu wachezaji wa hapa unabaki na golikipa na mbuzi wake."

Mwenzangu alicheka mpaka akateleza kwenye turubai. Mimi nilitabasamu kidogo, nikaendelea kukanyaga. Sijawahi kuwa mtu wa kuongea mbele za watu. Hata darasani, mpaka namaliza la saba, nilipoulizwa swali nililijua jibu nikiwa nimeshakaa chini.

"Mamluki au si mamluki, wavu ni wavu," alisema mfungaji. "Na yule wa pwani ana jambo moja. Hakuuza mechi."

Yule mama aliacha kuchambua. "Neno hilo unalisema mbele ya mtoto wake?"

"Nalisema mbele yake makusudi. Dogo, unanisikia?"

"Nakusikia, kaka."

"Siku ile nilikuwa nimefunga mawili. Tunaongoza mawili kwa moja. Zimebaki kama dakika ishirini. Sina jeraha, sina kadi, mapafu ninayo. Mara naonyeshwa mwavuli. Nikatoka. Wakasawazisha, wakaongeza la tatu. Ungekuwa wewe, ungesema nini?"

Nilisema sijui.

"Baada ya wiki nikakutana naye barabarani, karibu na kanisa. Nikampa mkono. Nilitaka aniambie mwenyewe tu, iwe kweli iwe uongo, yaishe. Mzee akaupita mkono wangu kama anapita nguzo ya umeme. Mtu asiye na kosa hapiti mkono wa mtu." Alipakia gunia, akalifunga kwa kamba ya mpira. "Kesho kikaoni nitamwuliza hilo moja. Akilijibu, nitampigia kura mimi wa kwanza."

Akawasha pikipiki, akapanda kilima. Yule mama akaniangalia kwa huruma, na huruma yake ilinichoma kuliko maneno ya mfungaji, kwa sababu mimi nilijua jibu. Tate hakuupita mkono ule. Hakuuona.

Ugonjwa wake unaitwa presha ya macho. Ulianza miaka kadhaa kabla ya ile fainali. Alianza kugonga bega kwenye miimo ya mlango, halafu akawa anapita watu waliosimama pembeni, na wao wakasema mzee siku hizi anaringa. Daktari wa macho alimwambia anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba: katikati kuna mwanga, pembeni kumefungwa. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki. Kilichokwenda hakitarudi. Tate aliichukua chupa ile akaificha nyuma ya kopo la chumvi, na waliojua tulikuwa watu wawili tu, mama na mimi.

Siku ya fainali wageni walikuja na jezi nyekundu, na za kwetu ni nyekundu. Ikabidi tuazime jezi za shule, za kijani. Kwa miaka yote tate aliwafahamu wachezaji wake kwa wekundu ule unaotembea juu ya majani. Siku hiyo walikuwa kijani juu ya kijani, na kipindi cha pili ukungu ukashuka kutoka msituni. Beki wetu wa kushoto alikuwa ameumia kifundo, anachechemea, kila mtu alimwona. Tate alisimama, akanyoosha mwavuli, lakini aliyekuwa mbele ya mwavuli ule alikuwa mfungaji. Mfungaji alitoka uwanjani kwa upande wa mbali, kwa hasira, akaenda moja kwa moja kwao. Mashabiki walipiga kelele, lakini mashabiki wanapiga kelele siku zote.

Jioni ile, bado amevaa buti, tate aliniita nyuma ya nyumba. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nilimtoa nani?"

Nilidhani ananipima. Nikamjibu, "Mfungaji."

"Nilimwona anachechemea."

"Aliyekuwa anachechemea ni beki wa kushoto."

Alikaa juu ya gogo la kupasulia kuni. Mama akatuita tukale. Kabla ya kuinuka alinishika mkono, akasema, "Hili libaki hapa." Nikamwambia litabaki. Wiki iliyofuata akaacha timu, na watu walipoona kaacha bila maelezo, ndipo neno la kuuza mechi likapata miguu.

Kwa hiyo Jumamosi ile niliporudi kutoka kijitoni nilikuwa na swali la mfungaji kichwani kama jiwe. Tate alikuwa kibarazani, amenyoa ndevu. Hakuwa ananyoa katikati ya wiki wala Jumamosi. Alikuwa amesikia habari za kikao.

"Wanasemaje?" aliniuliza.

"Wengine wanakutaka. Wengine wanauliza ile fainali."

"Nilijua wataiuliza." Alisogeza kiti chake karibu. Kwa desturi yetu mtu hahudhurii kikao kinachomjadili yeye, hivyo mimi ndiye ningekwenda. "Wakikuuliza, sema alikuwa amechoka. Kocha akiona mchezaji amechoka anamtoa. Hakuna wa kubishana na hilo."

"Lakini hakuwa amechoka, tate."

"Nani atathibitisha uchovu wa mtu wa miaka mitatu iliyopita?" Akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili. "Nimeshafikiri. Nikirudi, utakaa ubavuni kwangu kila mechi. Utakuwa unaniambia nani yuko wapi. Polepole, kama mtu anayeongea na baba yake. Mpira ninaujua, mwanangu. Kinachonipungukia ni macho tu, na macho unayo wewe."

Mama alikuwa mlangoni na bakuli la maharage. Aliniangalia, akaingia ndani.

Nilimwona tate alivyokaa, mgongo umenyooka, kidevu kimesafishwa. Miaka mitatu alikuwa anasikiliza mechi za uwanja wetu kutoka kibarazani, anahesabu magoli kwa kelele. Kikao kile kilikuwa nafasi yake ya mwisho, na alikuwa ameiweka kwenye mdomo wangu mimi, mtu ambaye hata kuomba kupunguziwa bei dukani naona aibu. Nikamwambia nimeelewa. Sikumwambia nitasema.

Jumapili watu wa kanisani walikuja baada ya kubadilisha nguo, na wa msikitini walikuja baada ya alasiri. Tulikaa uwanjani kwenye madawati yaliyotolewa darasani. Mwenyekiti wetu ni fundi seremala, mtu wa sauti nzito, hapendi watu waongee pamoja. Aliweka ile filimbi mezani.

"Tunazungumza habari za makocha wawili," alisema. "Mmoja ametuacha majuzi. Mwingine tulimwacha sisi, au alituacha, hilo nalo tutalisikia. Tusitukanane. Kuna watoto."

Mwanzoni ilikuwa kama mchezo. Mmoja alisema mtu wa pwani alifundisha pasi fupi, na kabla yake mpira wetu ulikuwa wa kumtafuta mwewe. Mwingine akamjibu kwamba hizo pasi fupi zilikuwa za wageni watano, wenyeji walikuwa wanaokota mipira kijitoni. Golikipa akasema, "Mzee alikuwa akinikimbiza mlimani mpaka natapika, lakini msimu mzima sikuumwa." Mtu wa nyuma akamwambia, "Hukuumwa kwa sababu mpira ulikuwa hukufikii, unaingia tu." Watu wakacheka. Yule mama wa karoti akauliza kombe liko wapi. Ikaonekana liko Lushoto mjini, kwa rafiki wa mtu wa pwani, alikoliacha likapigwe picha. Upande wa mzee ukapiga makofi. Upande wa pili ukasema hata likiwa kwa rafiki, ni letu, na kabla ya hapo hatukuwa na la kuacha kwa rafiki.

Nilikuwa nimekaa mwisho wa dawati la nyuma. Kila walipocheka niliomba muda uishe.

Halafu mfungaji akasimama.

"Mimi nimechezeshwa na wote wawili," alisema, na kelele zikapungua. "Sitasema mzee hakunifundisha. Nitakuwa mwongo. Aliyenifundisha kusimama mbele ya goli bila hofu ni yeye. Lakini ninataka kujua jambo moja kabla sijanyoosha mkono. Siku ya fainali alinitoa kwa nini? Nikijua, hata kama ni jambo baya, nitamsamehe. Nisipojua, siwezi kumpa watoto wa watu awafundishe."

"Mwenyewe hayupo," alisema mwenyekiti.

"Mwanawe yupo."

Madawati yaligeuka. Nilisikia mbao zikilia. Mwenyekiti akaniita kwa mkono, nije mbele. Nilikwenda. Njia kutoka dawati la nyuma hadi ile meza haifiki hatua ishirini, na nilizihisi zote.

"Mzee alikuambia lolote kuhusu siku ile?" aliuliza mwenyekiti. "Sema unachojua tu. Hatukuhukumu wewe."

Nikafungua mdomo. Sauti haikuja. Mtu akasema, "Mwacheni, huyu hata salamu hujibu kwa kichwa." Mwingine akasema, "Kama hana la kusema, basi tumeshajua." Na upande wa mtu wa pwani wakaanza kunong'ona lile neno, uza, uza, kama wadudu.

"Alikuambia nilikuwa nimechoka?" mfungaji aliniuliza. Alikuwa amesogea, yuko karibu kabisa. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka jibu. "Maana nimesikia kuna wanaosema hivyo. Nilikuwa nimechoka, dogo? Nitazame, useme."

Nilimtazama. Neno lilikuwa tayari, la tate, fupi, na kwa upande wa mzee lingetosha. Mwenyekiti angesema swali limejibiwa, mikono ingenyooshwa, tate angerudi uwanjani. Na mfungaji angekwenda nyumbani akiwa mtu aliyechoka, mbele ya kijiji kizima, kwa kinywa changu. Halafu Jumapili ijayo ningekaa ubavuni kwa tate, nikimnong'oneza.

"Hukuchoka," nilisema.

"Sasa?"

"Hakukutoa wewe. Alimtoa beki wa kushoto."

Hawakuelewa. Niliona hawaelewi. Ikabidi niendelee, na nilipoanza sikuweza tena kuishia njiani. Nikasema macho ya tate yana ugonjwa, hauponi, ulikuwapo hata siku ile. Nikasema jezi zilikuwa kijani na ukungu ulikuwa umeshuka. Aliona mtu anachechemea, akamwonyesha, na mwavuli ukaangukia kwa mwingine. Nikasema aliniuliza jioni alimtoa nani, na mimi ndiye niliyemwambia. Nikamgeukia mfungaji, nikamwambia kwamba ule mkono barabarani, karibu na kanisa, hakuuona.

Yule mama wa karoti alikuwa amefunika mdomo kwa khanga. Beki wa kushoto, ambaye siku hizi analima kabichi na bado kifundo kinamsumbua, aliangalia chini kama yeye ndiye aliyekosea.

"Anaona kiasi gani?" aliuliza mwenyekiti.

"Cha katikati. Pembeni haoni."

Mwenyekiti alichukua filimbi mezani akaitia mfukoni. Hakuitisha kura. Alisema watamtafuta kocha mjini, na wakati wanamtafuta golikipa ataongoza mazoezi. Akasema habari za mechi kuuzwa zisisikike tena kijijini, na atakayezisema atakuwa na kesi na yeye mwenyewe. Watu wakainuka, wakarudisha madawati darasani.

Nilipofika nyumbani tate alikuwa palepale kibarazani. Alinitambua kwa hatua.

"Ulisema?"

"Nilisema kweli, tate. Ya macho."

Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imetulia kabisa, na utulivu ule ulinitisha kuliko kama angenipiga.

"Aliyeuza mechi anaweza kusamehewa, akarudi," alisema. "Mimi umeniambia nisirudi kamwe. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Ulilijua kabla hujasema?"

"Ndiyo."

Akainuka, akapapasa mwimo wa mlango, akaingia ndani. Usiku hakula. Mama alisema, "Mwache," lakini hakusema nimekosea wala nimepatia, na mpaka leo hajasema.

Kesho yake saa nne pikipiki ilizimwa mbele ya baraza yetu. Alikuwa mfungaji. Alivua kofia ngumu, akaiweka chini, akasimama mlangoni kama mtoto aliyetumwa.

"Shikamoo, mwalimu."

Tate aligeuza uso mzima kumtafuta, mpaka akampata. "Marahaba. Ni mfungaji."

"Ndiye mimi."

"Mpe kiti," tate aliniambia. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu jana. Nilileta kiti, nikabaki nimesimama karibu na jiko.

Mfungaji alianza kusema kwamba amekuja kuomba radhi kwa maneno aliyoyatangaza kwa miaka mitatu, tate akamkatiza kwa mkono.

"Siku ile ulijua kwamba nimekosea?"

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Kila mtu alijua, mwalimu. Beki alinifuata, akaniambia, anayetakiwa ni mimi. Nikamwambia, mwavuli uko kwangu. Uliponipita barabarani ndipo nikaamini ulikusudia."

"Sasa kwa nini ulitoka?"

"Ulinionyesha."

"Ungebaki."

"Ulitufundisha tusiulize."

Tate alifumba macho. Nilidhani atamfukuza.

"Na yule wa pwani," alisema, bado amefumba, "mlikuwa mnamwuliza?"

"Yule tulikuwa tunabishana naye mpaka anatupa kofia chini. Siku moja alitaka kunitoa, nikamwambia, kocha, bado nina mguu. Akaniacha."

"Ukafunga?"

"Sikufunga."

"Lakini alikuacha."

"Aliniacha."

"Hapo alinishinda," alisema tate. Alilisema kama mtu anayesema mvua imenyesha bondeni. Akafumbua macho. "Mlimani je? Aliwakimbiza?"

"Hapana. Alisema tunamaliza nguvu bure."

"Hapo alikosea."

"Alikosea, mwalimu. Dakika kumi za mwisho tulikuwa tunakufa wote, hata wale wa kukodi."

"Na kona? Nilisikia mlikuwa mnafunga kwa kona."

Mama alikuwa ameleta chai. Mfungaji alisogeza vikombe, bakuli la sukari na vijiko, akaanza kuvipanga kwenye meza jinsi wachezaji walivyokuwa wanasimama. Simu yake iliita mfukoni, mteja, akaizima. Alivipanga meza nzima, kisha akasita. Alimwangalia tate, akaiangalia meza. Akavikusanya vyote upya na kuvileta katikati, vikakaribiana, mbele ya uso wa tate, pale macho yake yanapofika.

"Huyu golikipa. Hawa mabeki. Mimi hapa," alisema. "Unaona?"

Tate aliinama. Pua yake ilikaribia kugusa sukari.

"Naona," alisema. "Huyu wa pili mbona alimweka nyuma?"